Ile kamba ya manila

Kamba yenyewe ilikuwa ya bluu, ile ile tunayoanikia nguo. Waliifunga kutoka kwenye mwembe hadi nguzo ya umeme, na nyuma yake wakasimamishwa watoto wa kambi ya polisi ya Nsambya, hapa Kampala, waliokuwa uwanjani tangu saa tatu asubuhi. Mbele ya kamba kulikuwa na viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa vyeupe, chupa za maji, na wageni walioshuka kwenye magari saa kumi jioni. Bango lilisema: tamasha la dansi ya kisasa la jamii. Kumbe jamii ndio hao.

Tamasha silitaji jina. Waandaaji ni watu ninaowafahamu, na mmoja wao bado ana turubai langu.

Mimi nimekulia kambini hapo, kwenye mama ingia pole, vile vibanda vya bati vya mviringo, ambayo ukinyoosha mguu usiku unagonga sufuria. Baba wa huyu Mwacholi, wa yule Mgisu, wa jirani Mlugbara, na kwenye foleni ya bomba wote ni Kiswahili tu. Ngoma za makabila tulizicheza kabla hatujajua ni za nani. Kwa hiyo nilipoona afande mstaafu, mtu mzima, anaambiwa "mzee, rudi nyuma ya kamba", na kijana wa juzi mwenye kitambulisho shingoni, nilisikia kitu kinapanda kooni.

Hebu niambieni, ni ngoma gani ya nchi hii imewahi kufungiwa kamba? Nendeni Mbale mwaka wa imbalu, tohara ya Wagisu. Kadodi, ngoma yake, ikipita barabarani, muuza nyanya anaacha nyanya zake, anakata kiuno hadi kona ya pili, kisha anarudi na kukuuzia kwa bei ile ile. Kwenye larakaraka ya Waacholi vijana wanagonga vibuyu kwa njiti za baiskeli, na wasichana hawakuja kupiga makofi, wamekuja kupima nani ni nani. Hata bakisimba ya Waganda harusini, iliyolipiwa na kupangwa, lazima shangazi mmoja ainuke na noti mkononi, amtunze mchezaji, na kabla hajaketi ameshacheza kuliko aliyelipwa. Mtazamaji wa kwetu ana kazi. Anaitikia, anatunza, anaingia, anakejeli pia kama umekosea mguu. Ukimfungia kamba umempunguzia ngoma nusu yake, halafu unaandika kwenye ripoti ya wafadhili kwamba "jamii ilishirikishwa".

Mambo ya kukaa gizani kimya, jukwaa upande mmoja na watu upande mwingine, yana mahali pake. National Theatre ipo tangu 1959, na nimewahi kukaa mle nikatokwa machozi. Lakini mkisema mnaleta dansi mtaani, leteni dansi. Viti vya theatre viacheni mjini.

Haya, najua mtasema nini. Mchezaji anayejirusha anahitaji nafasi. Kamera zinahitaji nafasi. Mtoto wa miaka minne hajui jukwaa linaishia wapi, na nyaya za spika si za kuchezea. Kweli. Basi pigeni mstari wa jivu chini! Hawa ni watoto wa kambi ya polisi, wamezaliwa wakiona gwaride. Mstari wanauheshimu kuliko ninyi mnavyoheshimu saa.

(Ya saa nayaacha. Mgeni rasmi alichelewa saa mbili na nusu. Na malipo ya wachezaji, "mtajulikana", nayo nayaacha, nisije nikaandika matusi.)

Asubuhi ilikuwa nzuri, nakiri kwa shingo upande. Warsha za watoto zilifanyika pale pale uwanjani bila kamba wala viti. Huku wanachora kwa rangi za maji, kule wanakata maboksi kutengeneza vinyago, pembeni dada mmoja anawafundisha kuanguka bila kuumia: goti, nyonga, bega, ndipo mgongo. Binti yangu amefanya mazoezi ya kuanguka sebuleni wiki nzima. Na wala si jambo geni mtaani kwetu. Breakdance Project Uganda ya Abramz Tekya imekuwa ikifundisha bure tangu 2006, na kwao aliyejifunza ndiye anayemfundisha mwenzake. Sasa mtu huyo huyo mliyemshika mkono saa tano, mbona saa kumi mnamfukuza kama kuku?

Lililoniuma zaidi lilikuja mwishoni. Kijana mmoja alicheza peke yake na mtungi wa njano wa maji. Alianguka mara tatu, na mara ya tatu hakuinuka hadi ngoma iliponyamaza. Kisha ukaja mjadala, kwa Kiingereza chote. Baraza la Mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, ila MC habari hazijamfikia. Mama anayeuza mandazi akanyoosha mkono nyuma ya kamba. Hawakumpa maiki, akasema kwa sauti yake tu: "Mara mbili ameanguka kama mtu mzima. Mara ya tatu ameanguka kama maiti. Alikuwa anamzika nani?"

Uwanja ulitulia. Mimi nimesoma maelezo ya onyesho lile kwenye karatasi, aya tatu, na hakuna iliyofika alipofika yule mama.

MC akatabasamu: "Asante mama, tutarudi kwako." Maiki ikaenda kwa bwana mmoja wa mstari wa mbele, akauliza kuhusu "dhana ya mwili". Kwa mama hawakurudi.

Viti vilipokuwa vinapakiwa, nilimwona yule kijana anainama, anapita chini ya kamba na jasho lake. Akanunua mandazi mawili. Wakaongea kidogo, nilikuwa mbali, sikusikia. Niliona tu mama anafunika ndoo yake kwa kitenge, anamsogezea kijana kigoda, naye anakaa chini kwenye nyasi.