Wimbo Uliisha, Utawala Ukabaki: Ukoo wa Gnassingbé Nchini Togo

Wanaozungumzia udikteta hupenda kuanzia kwenye vituko vyake: sanamu, nyimbo za sifa, picha ya kiongozi katika kila ofisi. Togo ina vituko hivyo vya kutosha, na nitavieleza, lakini naamini vimewapotosha wengi. Ukoo wa Gnassingbé umeishika nchi hiyo ya Afrika Magharibi tangu mwaka 1967: kwanza baba, Gnassingbé Eyadéma, kwa miaka 38, kisha mwanawe Faure, tangu mwaka 2005. Baba alipokewa kwa ngoma kila alikokwenda. Mwana ni mkimya, huhutubia kwa nadra, na hajajijengea utukufu wa aina hiyo. Kama sifa ndizo zilizokuwa nguzo ya utawala, basi utawala ungeyumba sifa zilipopungua. Haukuyumba, na kwa hiyo inatupasa kuuliza ni nini hasa kilichokuwa kimejengwa nyuma ya zile ngoma.

Mwanzo wa yote ni jeshi, tena jeshi dogo. Togo ilipopata uhuru Aprili 1960, Rais Sylvanus Olympio hakutaka kuibebesha hazina changa gharama za askari wengi, na alikataa kuwaajiri mamia ya Watogo waliorudi nyumbani baada ya kuipigania Ufaransa huko Indochina na Aljeria. Wengi wao walikuwa watu wa kaskazini, hasa Wakabye, na miongoni mwao alikuwamo sajini mmoja wa kijiji cha Pya, aliyeitwa wakati huo Étienne Eyadéma. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Januari 1963 walivamia makazi ya rais. Olympio aliruka ukuta, akajificha ndani ya gari lililoegeshwa kwenye eneo la ubalozi wa Marekani uliopakana na nyumba yake, na kulipopambazuka akauawa kwa risasi karibu na lango la ubalozi huo. Eyadéma alinukuliwa na waandishi wa Ufaransa akijigamba kwamba ndiye aliyefyatua risasi hizo, baadaye alikana.

Bara la Afrika lilishtuka, na kwa muda lilionyesha msimamo. Serikali ya Tanganyika chini ya Mwalimu Nyerere ilihimiza mataifa yasiitambue serikali mpya ya Lomé, mji mkuu wa Togo, mpaka ithibitike kwamba haikushiriki mauaji hayo, au mpaka ichaguliwe na wananchi. Viongozi walipokutana Addis Ababa Mei 1963 kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Togo haikuwapo, na mkataba wao uliweka wazi kwamba mauaji ya kisiasa yanalaaniwa. Muda si muda Togo ikapokewa kama wenzake. Mwaka 1967, tarehe ileile ya 13 Januari, Eyadéma alimwondoa Rais Nicolas Grunitzky, aliyeshika nafasi ya Olympio, bila kumwaga damu, na miezi mitatu baadaye akawa rais mwenyewe. Tangu hapo siku aliyouawa rais wa kwanza ikawa, kwa miaka mingi, sikukuu ya taifa, ikiitwa siku ya ukombozi, na gwaride likafanyika huku familia ya marehemu ikiwa na msiba wake. Sijui kitendo kingine kinachoeleza kwa ufasaha zaidi namna mamlaka yanavyoweza kuteka kumbukumbu za watu.

Utukuzaji wenyewe ulipata hadithi yake kuu tarehe 24 Januari 1974, ndege ya rais ilipoanguka Sarakawa, kaskazini mwa nchi. Abiria kadhaa walikufa. Eyadéma alinusurika, na wengine pia walinusurika, lakini simulizi rasmi ilimfanya yeye peke yake kuwa mtu aliyeshindikana na kifo. Wakati huo serikali ilikuwa katika mvutano na kampuni ya kigeni iliyochimba fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea, na ajali ikaelezwa kuwa hujuma ya mabeberu dhidi ya kiongozi aliyethubutu kudai mali ya nchi yake. Alirejea Lomé tarehe 2 Februari kwa mapokezi makubwa, na machimbo yote yakawa ya serikali. Pale Sarakawa pakajengwa kumbukumbu, na hoteli ndefu iliyojengwa Lomé ikapewa jina la tarehe hiyo ya 2 Februari. Katika miaka hiyohiyo ilitolewa katuni iliyomwonyesha kama shujaa asiyedhurika, na kulikuwa na saa za mkononi ambazo picha yake ilitokea na kupotea juu ya kioo. Aliacha jina la Étienne, akawa Gnassingbé, kwa kumfuata Mobutu Sese Seko wa Zaire aliyekuwa amewataka watu wake waache majina ya Kikristo. Wakongo wanaoikumbuka enzi ya Mobutu wataitambua mara moja picha hii: wafanyakazi waliovalishwa sare za chama, kina mama wakicheza juani kwa saa nyingi kabla ya msafara kupita, redio ikirudia jina moja asubuhi na jioni. Urafiki wa viongozi hao wawili ulikuwa wa kweli kiasi kwamba Mobutu alipokimbia nchi yake Mei 1997, alitua kwanza Lomé.

Yafaa tutafakari ngoma zile zilifanya kazi gani, kwa maana si sahihi kudhani kwamba Watogo walidanganyika. Mwalimu wa shule aliyepelekwa kiwanjani kuimba hakuhitaji kuamini kwamba rais hafi. Kilichotakiwa kwake ni kuonekana akiimba, na kumwona jirani yake akiimba, ili kila mmoja asijue mwenzake anafikiri nini. Chama cha RPT, kilichoanzishwa mwaka 1969 na kuwa chama pekee, kilikuwa na uwezo wa kujua nani hakufika, na kutofika kulikuwa na madhara katika kazi, cheo au masomo ya watoto. Kwa hiyo sifa zilikuwa orodha ya mahudhurio ya utii. Zilisaidia kuutambua upinzani mapema, lakini hazikuwa na uwezo wa kuuzuia. Kazi hiyo ilifanywa na jeshi, ambalo Eyadéma alihakikisha maofisa wake wengi wanatoka kwao. Hapa tuwe waangalifu. Kusema kwamba jeshi lilijaa Wakabye si kusema kwamba Wakabye walitawala. Wakulima wengi wa kaskazini walibaki maskini, na walichopewa zaidi ni hofu kwamba ukoo huu ukianguka, wao ndio watakaolipiziwa kisasi.

Upande wa pili wa suala hili una hoja zake, na si haki kuzipuuza. Watetezi wa ukoo husema kwamba Togo ya miaka ya 1960 ilikuwa na mapinduzi mawili ndani ya miaka minne, na tangu mwaka 1967 haijapinduliwa tena, ilhali Mali, Burkina Faso na Niger zimeangukia mikononi mwa wanajeshi katika miaka ya karibuni na vijiji vyao vinachomwa na magaidi. Hutaja bandari ya Lomé, ambayo kina chake kinapokea meli kubwa na ambayo imekuwa miongoni mwa bandari zenye shughuli nyingi zaidi Afrika Magharibi. Hutaja makao makuu ya benki ya Ecobank. Hukumbusha kwamba mkataba wa biashara kati ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki ulitiwa saini Lomé mwaka 1975, mwaka ambao Eyadéma pamoja na Yakubu Gowon wa Nigeria walikuwa mstari wa mbele kuanzisha ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Afrika Magharibi. Katika zama za Faure hutaja mpango wa Novissi wa mwaka 2020, uliowatumia maskini fedha kwa simu wakati wa janga la korona, ambao wataalamu wa nchi nyingi waliusifu, na nadhani waliusifu kwa haki.

Hoja ya utulivu ndiyo yenye nguvu zaidi, na ndiyo inayohitaji kupimwa kwa makini. Kwanza, jeshi halina sababu ya kuipindua serikali ambayo tayari ni yake. Pili, utulivu huo umekatika kila mara wananchi walipojaribu kuchagua. Mkutano wa kitaifa wa mwaka 1991 ulimpunguzia Eyadéma mamlaka na kumteua Joseph Kokou Koffigoh kuwa waziri mkuu. Desemba mwaka huohuo wanajeshi walishambulia ofisi yake kwa silaha nzito na kumkamata. Mwaka 1993, baada ya waandamanaji kuuawa Lomé, mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Ghana na Benin. Tatu, majirani hao hao waliowapokea wakimbizi ndio jibu kwa wanaosema kwamba hapakuwa na njia nyingine. Benin ilifanya mkutano wake wa kitaifa mwaka 1990, rais wake Mathieu Kérékou akashindwa uchaguzi wa mwaka 1991 na kuondoka madarakani. Ghana ilibadilisha chama tawala kwa kura mwaka 2000. Hakuna kati yao iliyosambaratika. Nchi hizo zina matatizo yake, lakini raia wake walijifunza kwamba rais anaweza kuondoka akiwa hai na nchi ikabaki.

Kinachonishughulisha zaidi kuliko ngoma na bunduki ni katiba, kwa sababu ndiyo iliyomhamisha mtawala kutoka baba kwenda mwana. Katiba ya mwaka 1992, iliyopitishwa na wananchi kwa kura ya maoni, iliweka ukomo wa mihula miwili. Desemba 2002 wabunge waliuondoa ukomo huo, na katika marekebisho hayohayo wakashusha umri wa chini wa mgombea urais kutoka miaka 45 hadi 35. Faure alikuwa na miaka 36. Eyadéma alipofariki tarehe 5 Februari 2005, katiba ilimtaja Spika wa Bunge, Fambaré Ouattara Natchaba, kuwa rais wa muda. Natchaba alikuwa angani akirudi kutoka Ulaya. Mipaka ikafungwa, ndege yake ikashindwa kutua Lomé, akajikuta Cotonou, nchini Benin. Usiku huo jeshi likamtangaza Faure. Kesho yake Bunge likamvua Natchaba uspika, likampa Faure kiti hicho, kisha likarekebisha katiba ili amalizie muhula wa baba yake. Kila hatua ilipewa karatasi yake na muhuri wake, ndani ya saa zisizozidi arobaini na nane.

Umoja wa Afrika na ECOWAS walikataa, na shinikizo lao lilimfanya Faure ajiuzulu kabla ya mwezi kwisha. Aprili akarudi kwa uchaguzi uliofuatwa na vurugu ambazo wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa ziliua kati ya watu 400 na 500. Tangu hapo hajaondoka.

Wapo wachambuzi wanaosema kwamba hata neno ukoo linazidisha mambo, kwamba wanaotawala ni maofisa na vigogo wa chama, na jina la Gnassingbé ni mapatano yao tu ili wasigombane. Hoja hiyo inapata uzito tukitazama yaliyomkuta Kpatcha, ndugu wa Faure kwa baba, aliyekuwa waziri wa ulinzi. Aprili 2009 alituhumiwa kupanga mapinduzi, akakimbilia ubalozi wa Marekani kuomba hifadhi, akakamatwa, na mwaka 2011 akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Damu haikumkinga. Hata hivyo naona kisa hicho kinathibitisha mambo mawili kwa pamoja: vigogo wanahitaji mrithi mmoja wa jina hilo, na mrithi huyo hawezi kuvumilia mwingine mwenye jina hilohilo. Mwaka 2012 Faure alikivunja chama cha baba yake, akaunda UNIR. Wengine waliona hilo kuwa mwanzo wa mageuzi. Mimi naliona kama mwana kutua mzigo wa sifa za baba na kubaki na vyombo vyake.

Vyombo hivyo vimeendelea kufanya kazi. Baada ya maandamano makubwa ya mwaka 2017, Bunge lilirudisha ukomo wa mihula miwili mwaka 2019, lakini hesabu ikaanza upya. Kisha mwaka 2024 likapitisha katiba mpya bila kura ya maoni: rais wa nchi akawa mtu wa heshima tu anayechaguliwa na wabunge, na madaraka yote yakahamia kwa rais wa baraza la mawaziri, kiongozi wa chama chenye wabunge wengi, ambaye hana ukomo wa mihula. Uchaguzi wa wabunge wa Aprili 2024 uliipa UNIR viti 108 kati ya 113, na Mei 2025 Faure akaapishwa kushika nafasi hiyo mpya. Watetezi wanasema mfumo wa kibunge hutumika katika nchi nyingi zenye demokrasia, na ni kweli. Lakini katika nchi hizo waziri mkuu huondolewa na Bunge lisilomwogopa, na uchaguzi hupotezwa na chama kilicho madarakani.

Juni 2025 vijana wengi waliingia barabarani Lomé. Kwa mujibu wa mashirika ya kiraia watu wasiopungua saba walikufa. Wengi wa vijana hao hawakumjua Eyadéma wala ngoma zake, na waliandamana kupinga kanuni, jambo gumu zaidi kulipinga kuliko sanamu. Jumuiya ya ECOWAS, iliyosimama imara mwaka 2005, safari hii ilituma ujumbe wa kukusanya maelezo kabla ya katiba kuanza kutumika, na haikuweka vikwazo. Ikumbukwe kwamba viongozi wa jumuiya hiyo walipojadili mwaka 2015 kuzuia muhula wa tatu katika nchi zote wanachama, waliopinga ni Togo na Gambia ya Yahya Jammeh, na pendekezo likawekwa kando. Jammeh aliondolewa miaka miwili baadaye kwa majeshi ya jumuiya hiyohiyo, kwa kuwa alikataa matokeo ya kura mbele ya dunia nzima. Faure hajawahi kulazimika kukataa matokeo yoyote.