Saa Tano Kwenye Usukani

Kwa kazi mimi ni mpima ardhi, na kwa zaidi ya miaka 15 nimesimamisha bikoni katika viwanja vya majirani wasioaminiana, wakaondoka wakiwa wameridhika au angalau wamenyamaza. Ndiyo maana fundi wa Gerezani aliponiambia kwamba kunyoosha magurudumu ya nyuma ya gari langu ni kazi ya mashine ya alaimenti, wala si ya kamba na rula, nilimtazama kwa huruma.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2004, injini ya lita 2.0 yenye turbo na nguvu za farasi 280, ambalo lilifika kutoka Japani likiwa tayari limeshushwa springi. Gari la namna hii likishushwa, magurudumu ya nyuma huinamia ndani, na tairi huliwa ukingo wa ndani, mahali ambapo mwenye gari haoni mpaka nyaya zitokeze. Zangu zilitokeza. Nikanunua linki 4 mpya, yaani vyuma virefu vinavyolishika gurudumu kutoka upande wa ndani, mbili kwa kila gurudumu la nyuma, ambazo urefu wake hurekebishwa kwa kuzungusha nyuzi, nikaomba ruhusa ya siku 3 kazini, na nikamhakikishia mke wangu kwamba siku ya pili saa nane mchana tutakuwa tumekwisha kutoka na gari.

Siku ya kwanza yote iliishia kwenye bolti moja. Linki mbili za kila upande hushikwa kwa nje na bolti moja ndefu, inayopita kwenye bushi (mpira wa kiungo) ya linki ya mbele, ikapenya chuma kinachobeba beringi ya gurudumu, ikatokea kwenye bushi ya linki ya nyuma. Gari likiwa limewahi kuishi kwenye theluji na chumvi inayomwagwa barabarani, bolti hiyo huota kutu mpaka ikawa mwili mmoja na bomba dogo la chuma lililo ndani ya bushi. Nati ilifunguka kwa adabu, nikafurahi mapema. Bolti ikazunguka, na bushi nayo ikazunguka, ikitoa mlio wa kandambili kwenye sakafu yenye maji, lakini kutoka haikutoka hata milimita moja. Nilimwaga mafuta ya kulainisha kutu, nikapiga nyundo, nikasema maneno ambayo mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, alijifanya hakuyasikia. Jioni niliazima grenda nikaikata vipande vitatu. Bolti ya upande wa pili nilianza nayo kwa grenda moja kwa moja, bila salamu.

Asubuhi ya siku ya pili linki mpya zilikaa mahali pake, na bolti za bushi za mpira nilizikaza gari likiwa limesimama kwa uzito wake lenyewe, jinsi inavyotakiwa, ili mpira usijipinde. Nalitaja jambo hili kwa kuwa ndilo pekee nililolifanya sawasawa.

Kisha nikaingia katika fani yangu. Nilikata mabomba mawili ya plastiki, nikayatia mikato kwa vipimo vilevile, moja nikaliweka juu ya vigoda viwili mbele ya gari na jingine juu ya vigoda viwili nyuma, halafu nikavuta kamba ya nailoni kila upande. Ukiutazama kutoka juu, ulikuwa mstatili wa urefu wa mita 5 wenye gari katikati. Nilipima umbali wa kila gurudumu hadi kwenye kamba. Nilipima hata ulalo, kona kwa kona, kama ninavyowasisitizia vijana wa ofisini, kwa sababu mstatili usiopimwa ulalo ni imani tu. Vipimo vililingana ndani ya milimita 1. Nikaitwa kula.

Mama mkwe alikuwa amepika wali wa nazi na samaki, na chakula cha mama mkwe hakiliwi mbiombio. Ilipita karibu saa nzima, huku yeye mwenyewe akitoka na kuingia. Niliporudi, kamba ya kulia ilikuwa na matone ya maji. Nikatazama mawingu, nikaamini kwamba kumepita manyunyu. Manyunyu yenye harufu ya sabuni ya unga yangepaswa kunishtua, lakini nilikuwa nimeshiba.

Sasa kazi ilikuwa kupima ukingo wa mbele na wa nyuma wa kila rimu, umbali hadi kwenye kamba ulingane. Gurudumu la kulia lilikuwa na ukingo wa nyuma ulio mbali zaidi kwa milimita 13, na la kushoto lilikuwa na ukingo wa nyuma ulio karibu zaidi kwa milimita 13 zile zile. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza imekuwaje magurudumu mawili yapotoke kwa kiasi kimoja na kuelekea upande mmoja. Mimi nilizilaumu linki mpya, nikazungusha nyuzi mpaka tofauti ikawa sifuri, nikakaza nati, nikakunja kamba.

Barabara ya Mandela ilinipokea vizuri kwa mita 100 hivi. Kisha nikagundua kwamba ili gari liende mbele ilinibidi niukate usukani kushoto na kuushikilia hapo. Alama ya katikati, ambayo hukaa saa sita, ilikuwa saa tano kamili. Pua ya gari ilielekea mstari wa katikati ya barabara, mkia ukachungulia mtaro. Abiria wa daladala waliokuwa ubavuni mwangu walihamia madirisha ya upande wangu.

Kabla ya Buguruni askari wa usalama barabarani alinisimamisha, akalizunguka gari mara mbili.

"Mzee, nimekuona tangu kule mbali, nikajua unataka kuhama njia. Nikasubiri uhame. Hukuhama mpaka umenifikia."

"Samahani afande, nalipeleka kwa fundi."

"Lipeleke. Lakini taratibu, tusije tukashindwa kujua limegonga kwa wapi."

Fundi wa Gerezani alilipandisha kwenye mashine yake bila kusema neno, akakitazama kioo, akanitazama mimi. Gurudumu la kulia liliingia ndani digrii 1.7, la kushoto lilitoka nje digrii 1.7, na jumla yake ilikuwa sifuri.

"Bosi, kunyooka yamenyooka kabisa," alisema. "Ila hayajanyookea mbele."

Nilirudi nyumbani jioni nikaenda moja kwa moja kwenye vigoda vya nyuma. Mchangani kulikuwa na alama mbili za kila mguu. Nilizipima: sentimita 15. Sentimita 15 kwa mita 5 ni digrii 1.7, na mstatili wangu ulikuwa umekula chakula cha mchana ukiwa msambamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Gari limepona?"

"Linaendelea vizuri. Mama, hivi vigoda vya nyuma, kuna mtu alivisogeza?"

"Ni mimi, baba. Nilianika kanga zangu, zikawa zinagusa lile gari lako lenye grisi, nikavisogeza kidogo tu huku ukutani. Ila nilizianua kabla hujamaliza kula, nisije nikakuharibia kazi."

Kwa mama mkwe hakuna jibu isipokuwa ahsante, nami nilishukuru.

"Na ile kamba utaifunga tena lini?" aliuliza. "Nina mashuka mawili."