Sindano Ikae Wapi: Ndani ya Neva au Pembeni?

Mkono uliovunjika unaweza kufanyiwa upasuaji mwenyewe akiwa macho, akipiga soga na muuguzi. Daktari wa usingizi huchoma dawa ya ganzi kwapani au juu ya mtulinga, zinakopita neva, yaani mishipa ya fahamu, za mkono. Zamani alipapasa na kukisia. Daktari Kulenkampff wa Ujerumani, mwaka 1911, aliijaribu njia ya mtulinga mwilini mwake mwenyewe. Siku hizi kuna ultrasaundi: neva inaonekana kama sega la nyuki, sindano kama uzi mweupe unaoisogelea, na dawa ikitoka hutanda nyeusi.

Kuona huko kumezua ubishi. Fundisho la siku zote ni kwamba ncha isiingie ndani ya neva. Lakini mwaka 2006 daktari wa usingizi Bigeleisen alichapisha utafiti wa wagonjwa 26 waliochomwa kwapani. Wengi wao neva zilitobolewa na dawa ikaingia, na miezi sita baadaye hakuna aliyekutwa na madhara mapya. Wanaotetea njia hiyo wanasema ganzi hushika upesi, na daktari mpasuaji hakai akitazama saa.

Mimi bado sijakubali. Madhara ya neva ni nadra, na watu 26 wanaweza kupita salama wote bila hatari kuwa imeondoka. Tena kwapa si shingo. Kwapani neva ina mafuta na nyama laini kati ya vifungu vya nyuzi, ncha inapata pa kupenya. Karibu na shingo, kama juu ya mtulinga, vifungu vimebanana. Dawa ikiingia ndani ya kifungu chenyewe, shinikizo hupanda na nyuzi zikasongwa. Mpaka wa kifungu hicho skrini mara nyingi haiuonyeshi.

Hata hivyo, kukaa mbali peke yake si usalama. Juu ya mtulinga pafu liko jirani kabisa, na kinachong'aa kwenye skrini huenda ni katikati ya sindano, ncha imeshatangulia. (Wanafunzi wengi hunaswa hapo.) Ndiyo maana husukumwa kwanza mililita moja tu: weusi usipotokea, mkono wa daktari unasimama. Bomba likiwa zito kusukuma, au mgonjwa akishtuka kwa maumivu, sindano inarudishwa nyuma. Aliyelazwa usingizi mzito hawezi kusema "daktari, inachoma", na hapo ishara moja inakuwa imepotea kabla kazi haijaanza.