"Anko, Umedondosha Nini?"

Mama yangu mzazi hajawahi kuuelewa mchezo wangu. Nilimweleza kwamba traiathloni ni kuogelea mita 1,500, ukitoka majini unapanda baiskeli kilomita 40, ukishuka hapo unakimbia kilomita 10. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hao wanaokufukuza ni akina nani?" Nilipoongeza kwamba ili nikimbie hivyo inabidi nilipe kiingilio, akanyamaza, akamgeukia mke wangu na kumwambia anipikie uji.

Hakujua bado kwamba nimeanza kumlipa na kocha wa mtandaoni.

Kwa miaka mitatu nilikuwa nafanya mazoezi na kikundi cha Coco Beach, hapa Dar. Kiongozi wetu ni mwanajeshi mstaafu, tunamwita Afande. Ana filimbi, na ana ulimi. Ukichelewa dakika tano anakusomea risala mbele ya wauza mihogo, nao huitikia kama kibwagizo. Lakini risala hiyo ndiyo iliyokuwa inanitoa kitandani saa kumi na moja alfajiri. Saa ya mezani naweza kuizima, Afande hazimiki.

Tatizo ni kwamba kwenye kikundi hakuna zoezi jepesi. Tunaondoka Masaki tumeapishana: "Leo taratibu, jamani." Tukifika Daraja la Tanzanite mmoja anajifanya anakohoa, kumbe anapandisha gia. Tukitokea upande wa Aga Khan watu wazima wenye wake na mikopo tunagombana kama tunagawana urithi. Goti langu la kulia likaanza kunisemesha kila nikipanda ngazi za ofisi.

La pili lililonichosha ni ratiba ya kuogelea. Jumamosi hii Afande anasema saa nne asubuhi, Jumamosi inayofuata saa kumi jioni, ile ya tatu anarudi asubuhi. Mimi ni mhasibu, naishi kwa kalenda. Nilijiaminisha kabisa kwamba mzee wa watu hana mpangilio.

Basi nikampata kocha, Mholanzi mmoja anayeishi hukohuko kwao. Dola 120 kwa mwezi. Kwanza alinitumia fomu ya maswali marefu kuliko ya viza: nalala saa ngapi, nakunywa maji kiasi gani, niliumia lini na wapi. Swali la mwisho lilisema: kuna jambo lolote kuhusu mahali unapofanyia mazoezi ambalo napaswa kulijua? Nikaandika, "Hapana."

Wiki ya kwanza akanipangia mbio za polepole. Nina miaka 44, na ile hesabu ya kutoa umri kwenye 220 inanipa kikomo cha mapigo ya moyo 176 kwa dakika. Kwa kuanzia, akasema, yasivuke 123. Sasa, ilikuwa mwezi wa pili. Kwa joto la Dar la mwezi wa pili, mapigo 123 nayafikisha nikifunga kamba za viatu. Nilikimbia mwendo ambao mama mmoja muuza vitumbua, beseni kichwani, alinipita, akageuka nyuma kwa huruma na kusema, "Pole, baba. Wamekuruhusu lini hospitali?"

Nikavumilia. Na lazima niseme kweli, goti lilianza kunyamaza wiki hiyohiyo.

Kilichonishika zaidi ilikuwa rangi. Ile programu ya kocha ina viboksi, kimoja kwa kila zoezi. Ukifanya kama ulivyoagizwa kinakuwa kijani, ukifanya nusunusu njano, usipofanya kinawaka nyekundu. Nilidhani nimemkimbia Afande, kumbe nimemhamishia kwenye simu. Mke wangu alinikuta usiku nakiangalia kiboksi kijani huku natabasamu, akadhani kuna mtu.

Jumamosi ya kwanza ilisema: kuogelea mita 1,500, saa nne kamili asubuhi, baada ya usingizi wa kutosha na kifungua kinywa. Nikaenda Coco. Maji yamejaa, yametulia, nikaogelea kama pomboo. Kijani. Nikarudi nyumbani nikiwaza miaka mitatu niliyoipoteza kwa kupigiwa filimbi.

Jumamosi ya pili ilisema hivyohivyo. Saa ileile.

Nimefika pale na suti yangu ya kubana, kofia ya njano, miwani ya kuogelea, na lile boya la usalama la rangi ya chungwa ambalo unalifunga kiunoni linakufuata nyuma. Nikatazama mbele. Bahari haikuwepo.

Sisemi ilikuwa mbali. Haikuwepo. Palipokuwa na maji wiki iliyopita palikuwa na mwamba, majani, vidimbwi, na akina mama walioinama wakiokota chaza. Vijana walikuwa wanachokoachokoa mashimo kwa vyuma wakitafuta pweza. Usiku wa jana yake mwezi ulikuwa mpevu. Niliuona nikiwa kibarazani, nikasema "mwezi mzuri," nikaingia kulala. Mtoto yeyote wa pwani angejua kwamba hiyo ni bamvua, kwamba kesho yake kwenye saa nne au saa tano maji yatakuwa yamekupwa mpaka mwisho. Mimi nimezaliwa Dodoma.

Mtu mwenye akili angerudi nyumbani. Lakini mimi niliwaza kiboksi chekundu. Nikabonyeza saa ya mkononi, nikaanza kutembea kuyafuata maji, boya likiburuzika nyuma yangu kwenye mchanga kama gari la makopo la mtoto.

Nikatembea karibu mita mia tatu. Nikapata mfereji fulani wa maji yaliyonifika magotini. Nikajiambia, maji ni maji. Nikalala kifudifudi, nikaanza kupiga mikono. Kila nikivuta mkono, vidole vinachimba. Nikateleza kwa tumbo, nikaenda kwa viwiko, nikageuza kichwa kuvuta pumzi kama kocha alivyofundisha kwenye video, na nilipogeuza nikakutana uso kwa uso na kijana mmoja wa miaka kama kumi, amechuchumaa, ana pweza mkononi.

"Shikamoo, anko. Umedondosha nini?"

Hapo ndipo nilipokosea, kuliko hata kwenye fomu. Ningeweza kusema naogelea. Lakini ungemwambiaje mtoto, umelala kwenye maji ya kuoshea miguu, kwamba unaogelea? Nikasema, "Marahaba. Funguo."

"Funguo!" akapiga kelele kuelekea mwambani. "Anko kapoteza funguo!"

Wabongo wana roho nzuri, na siku ile niliilaani. Wakaja vijana watatu na vyuma vyao. Wakaja akina mama wawili na ndoo zao. Mmoja akauliza za gari au za nyumba. Nikasema za gari. Gari gani? Nikataja gari. Zina kamba? Zina kamba. Rangi gani? Nikajikuta naeleza kamba nyekundu yenye maandishi ya timu yangu, kwa ufasaha wa kutisha, huku funguo zenyewe zimelala salama ndani ya boya lisilopitisha maji. Watu wakajipanga mstari, wakaanza kuusafisha mwamba hatua kwa hatua. Nami sikuwa na budi kuinama, nitafute.

Nikiwa natafuta kwa bidii kitu ambacho hakikupotea, nikamkanyaga yule mdudu wa miiba mirefu myeusi.

Nilipiga ukelele ambao mama mmoja alidhani nimezipata, akasema, "Alhamdulillahi!"

Wakanibeba, mmoja huku na mmoja kule, mpaka pwani. Na pale kwenye madafu, baiskeli zimeegeshwa, kofia ngumu zimewekwa mezani, kikundi kizima kilikuwa kinapumzika baada ya mzunguko wa asubuhi. Afande akainuka taratibu, dafu mkononi. Akaitazama kofia yangu ya njano. Akaitazama miwani. Akalitazama boya.

"Kapoteza nini?"

"Funguo, babu," kijana akajibu.

"Za meli?"

Sitaandika alichosema baada ya hapo, wala jinsi wauza mihogo walivyoitikia. Ila ni yeye aliyemtuma mtu akalete papai bichi, akanipaka utomvu wake kwenye unyayo, akachomoa miiba mmoja mmoja kwa subira ambayo sikuwahi kuiona miaka mitatu. Wale watafutaji niliwapa elfu kumi wagawane. Walisikitika kuipokea, maana kazi haijaisha.

Jioni kocha akaniandikia. Saa yangu ilikuwa imemtumia kila kitu: mita 410, dakika 52, mapigo yaliyofika 168 mwishoni. Aliuliza kwa adabu kama bahari ilichafuka. Nikamjibu aya tatu kuhusu mwezi. Akajibu mara moja: kwa nini hukuniambia kwenye fomu? Kisha akasema tangu sasa atapanga umbali na mwendo, ila saa ya kuogelea nimuulize huyo mzee. Sijamwambia Afande kwamba kuna Mholanzi anamtegemea, maana filimbi itaongezeka sauti.

Ujumbe huo niliusoma palepale Coco, saa kumi na dakika zake, mguu umefungwa kitambaa, nalinda viatu vya wenzangu. Bahari ilikuwa imejaa pomoni, na kofia zao zilikuwa zinapita juu ya mahali pale pale nilipokuwa natambaa asubuhi. Yule kijana akaja, akakaa kando yangu, akatazama maji kwa muda mrefu.

"Anko," akasema, "sasa ndiyo basi tena. Ungechonga tu nyingine."