Ganzi kabla ya filimbi: raga mbili, kanuni mbili

Mchezaji aliyegongwa nyonga hadi damu ikavilia juu ya mfupa hawezi kugeuka bila kuuma meno. Mchome ganzi ya lignokaini au bupivakaini, na muda si mrefu anapasha misuli na wenzake. Hajapona. Dawa imezuia sodiamu kuingia kwenye neva, basi ubongo haupati habari ya maumivu.

Mwaka 2002 daktari John Orchard alichapisha kumbukumbu za miaka sita za timu tatu za kulipwa za Australia, zikiwemo za raga ya wachezaji 13. Majeraha 268 yalitiwa ganzi ili mhusika awahi kucheza; madhara makubwa yalikuwa 6, madogo 11. Ukiishia hapo utauliza kelele za kutaka ganzi hii ipigwe marufuku ni za nini.

Ila kumbukumbu hizo ziliwekwa na daktari mmoja tu, na hakukuwa na kundi lililochomwa maji ya chumvi ili kulinganisha. Tena majeraha hayo hayalingani. Kidole, ubavu au damu iliyovilia nyongani vikigongwa tena, mara nyingi hasara ni maumivu zaidi na siku za ziada za kupona. Kano la kisigino hubeba uzito wote wa mwili, na maumivu ndiyo breki yake. Ukiyazima, linaweza kukatika. Bupivakaini nayo imeonekana maabara ikiua seli za gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, kwa hiyo kuichoma ndani ya goti ni pata potea.

World Rugby, chama cha dunia cha raga ile nyingine, ya wachezaji 15 na ya saba, ambacho Kenya inacheza chini ya kanuni zake, kimekata mzizi wa fitina: siku ya mechi hakuna ganzi, isipokuwa kushona jeraha linalovuja damu au kutibu meno. Wanaoipinga wana hoja. Kanuni hiyo haitenganishi kidole na goti, na mchezaji yuleyule yuko huru kumeza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu yenye visa vyake tumboni na kwenye figo.

Hata hivyo naegemea marufuku, na sababu yangu kubwa haimo ndani ya bomba la sindano. Daktari analipwa na klabu, kocha anataka pointi, mchezaji anaogopa kupoteza namba. Ridhaa inayotolewa katika mazingira hayo ina walakini. Kwa vidole na mbavu ningelegeza, mradi anayeamua ni daktari asiyelipwa na timu yoyote kati ya mbili zinazocheza.