Na kama asingerudi?

Jana usiku nilimsomea binti yangu sura ya mwisho ya riwaya ya watoto tuliyokuwa nayo wiki nzima, nikafunga kitabu kwa hasira. Kijana kaacha mlango wa banda wazi, na mtoto wa paa waliyemlea kwa chupa kapotelea msituni. Baba kakasirika, nyumba nzima imenuna. Ukurasa unaofuata: "Nisamehe, baba." "Nimekusamehe, mwanangu." Wanakumbatiana, na papo hapo paa anachomoza vichakani, mzima.

Binti yangu, mwenye miaka minane, akauliza: "Na kama asingerudi?"

Hilo ndilo swali ambalo mwandishi alilikimbia. Kilichopotea kimerudi, sasa huyo baba amesamehe nini hasa?

Riwaya za watoto za aina hii zimejaa misitu, mito na ndege, lakini vyote vimewekwa kama mapambo. Mti hauko hivyo. Nikiwa na miaka tisa nilichukua kisu nikabandua gome la mti wa kivuli wa babu, nikauzunguka wote, upana wa viganja viwili, kwa kuwa nilitaka mshipi wa kuchezea. Gome lilitoka kama utepe, upande wa ndani bichi, unateleza. Sikujua kwamba chakula kinachotengenezwa na majani huteremkia mizizini kupitia sehemu hiyohiyo ya ndani ya gome. Ningebandua upande mmoja tu, huenda mti ungekifunika kidonda kwa mbao mpya, pole pole, nacho kingebaki humo ndani. Kwa kuuzunguka, niliishindisha mizizi njaa. Na haukufa siku ile. Majani yalikaa kijani kwa miezi, nami kila asubuhi nikitoka kuyatazama huku nikiomba.

Babu hakunipiga, wala hakutamka kwamba amenisamehe. Alipitisha kidole gumba juu ya ule ukanda uliokauka, akaenda zake. Siku nyingi hakuniita kumshikia ndoo kama tulivyozoea. Mti ulipokauka aliukata mwenyewe. Kisha nikasikia jina langu. "Njoo ushike mche huu, usimame wima." Nikaushika, yeye akafukia.

Sawa, wapo watoto wadogo mno wanaosomewa ili walale tu, na hao paa wao arudi. Hilo nalikubali kwa shingo upande. Lakini mtoto wa miaka minane ameshavunja kitu kisichoungika. Ameshamtamkia mwenzake neno lisilorudi. Tukimlea kwa vitabu ambamo samahani hurudisha kila kitu, siku samahani yake isiporudisha chochote atadhani hajasamehewa. Atabeba hilo peke yake, kitandani, taa imezimwa, na sisi tuliomsomea hatutajua. Waandishi, nawasihi: muacheni paa apotee. Kisha mtuonyeshe asubuhi ya pili katika nyumba hiyo, nani anamwamkia nani, nani anasogeza kiti.

Na watu wazima wa riwaya hizi, wao huwaomba watoto radhi lini? Hilo nitaliandikia siku yake.

Nilimsimulia binti yangu habari ya mti. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Kwa hiyo babu yako alikusamehe siku gani?"

Nikakumbuka kile kidole gumba, ile ndoo, ule mche. Sikuweza kumtajia siku.