Hoki ya wanawake ya vyuo Marekani: ligi moja imebeba karibu kila kitu, sasa tufanyeje?

Fainali ya ubingwa wa hoki ya barafu ya vyuo 2025 pale Ridder Arena, Minneapolis, zimebaki sekunde 18.9, Ohio State wanaongoza 3-2, kocha wa Wisconsin Mark Johnson anawaomba marefa waangalie video maana mchezaji wa Ohio State kafunika kile kisahani kinachochezewa badala ya mpira kwa mkono mbele ya goli. Wakaangalia, penalti. Kirsten Simms akaenda akafunga, na dakika za nyongeza hazijafika hata tatu yeye huyohuyo akamaliza mchezo, 4-3.

Utamu ukaisha yakaanza maneno, mbona hawahawa kila mwaka? Maana timu hizo mbili zilikutana fainali 2023, 2024 na 2025, mfululizo. Na zote zinatoka ligi moja ya kanda ya kati-magharibi, WCHA. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, walianza kuandaa ubingwa huu 2001, 2020 haukuchezwa kwa sababu ya korona, kwa hiyo mpaka 2025 ni mataji 24 na WCHA wamechukua 21: Wisconsin 8, Minnesota 6, Minnesota Duluth 5, Ohio State 2. Yaliyobaki matatu yote ni ya Clarkson, chuo kidogo tu huko Potsdam, New York.

Dawa inayopigiwa debe sana ni kuongeza timu zinazoingia mashindano ya ubingwa. Wanaume wanaingia 16, wanawake walianza na 4, wakaja 8, tangu 2022 ni 11, yaani ukiangalia hivyo tu unaona kabisa wanawake wanaonewa. Lakini subiri kwanza, vyuo vyenye timu za wanaume vinapita 60, vya wanawake ni arobaini na kitu, piga hesabu utaona kote ni kama robo ndio wanaopata nafasi. Hoja ya kuonewa hapo inapungua nguvu. Na pia timu ya 16 ikipelekwa Madison kucheza na Wisconsin kwao, jamani, hiyo mechi tunajua inaishaje.

Hiyo ya kucheza kwao ndiyo inaniwasha zaidi. Kwa wanawake raundi za mwanzo mpaka robo fainali zinachezwa nyumbani kwa timu zilizopangwa juu, wanaume wanapelekwa viwanja vya katikati, si kwao wala si kwa wapinzani. Ukisema ni upendeleo sikubishii, ila huko kwa wanaume viti vitupu navyo vimelalamikiwa miaka na miaka, wakati ukumbi wa LaBahn wa Wisconsin pale Madison watu wanajaa. Bora kelele za wenyeji kuliko ukumbi mtupu, mimi nabaki hapo.

Halafu tusijifanye WCHA wameokota haya mataji. Minnesota ndio jimbo la kwanza kuutambua rasmi mchezo huu kwa wasichana wa sekondari, 1994, na hiyo Ridder ya chuo cha Minnesota ilifunguliwa 2002, ukumbi wa kwanza kujengwa maalum kwa hoki ya wanawake wa vyuo. Wamewekeza mapema, wanavuna. Ohio State wao hawakuwahi kukanyaga mashindano haya mpaka 2018, miaka miwili baada ya kumleta kocha Nadine Muzerall, na 2022 wakabeba ndoo. Kwa hiyo mlango upo, ila ni chuo chenye hela kinachoingia hapo. Harvard na Cornell kwa mfano hawatoi skolashipu za michezo kabisa, unashindanaje?

Na hata ukimpata mchezaji, kumbakiza ni kazi nyingine. Daryl Watts alikuwa Boston College, chuo cha mashariki, akiwa mwaka wa kwanza tu akachukua tuzo ya mchezaji bora wa nchi, 2018, hakuna mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyewahi kabla yake. Baadaye akahamia Wisconsin, na fainali ya 2021 dhidi ya Northeastern nani kafunga goli la ushindi dakika za nyongeza? Huyohuyo Watts. Haki yake kuhama, simlaumu hata kidogo, lakini kwa chuo cha mashariki kinachomlea mtu halafu kinamuona fainali na jezi nyingine hiyo inauma kuliko mambo ya 11 au 16.

Clarkson walipochukua 2018 waliwafunga Colgate, timu zote mbili za mashariki, na fainali ilikuwa Minneapolis hapohapo. Mwaka huo waliingia timu 8 tu, kwa hiyo si wingi wa timu uliowafikisha hapo.